Chupa ya Nne

Nekesa, mama,

Nimeandika kwa kalamu nene na herufi kubwa ili jicho lako la kulia lisihangaike, na la kushoto nalo likitaka kujaribu lijaribu. Usishtuke basi ukiona nimemaliza daftari zima. Unanijua, mimi si mtu wa maneno marefu. Wewe huniambia kwa Sheng yenu, "Niaje buda," mimi nakujibu kizee, tunacheka, na siku inapita bila lolote kusemwa. Leo sitaki mzaha uniokoe.

Wewe na mama yako mmekwenda Umoja kumuaga shangazi yako. Mimi nilisema mgongo unaniuma, nikabaki. Mgongo hauniumi. Nimebaki kwa sababu kesho asubuhi unapanda basi kwenda Eldoret kuanza chuo cha ualimu, na kuna jambo ambalo ukiondoka bila kulijua nitakuwa nimekudhulumu mara ya pili.

Habari za godoro, za sufuria, za kutoanika nguo usiku na kutowaazima wenzako ndoo, mama yako amekuhubiria wiki nzima. Mimi sina la kuongeza hapo.

Jambo lenyewe ni hili. Jicho lako la kushoto halikuharibiwa na simu. Halikuharibiwa na vumbi la mtaa wetu wa Pipeline, wala na damu yako, wala na dhambi ya mtu yeyote aliyetajwa katika maombi yale. Mimi ndiye niliyeliharibu. Nililiharibu kwa dawa niliyokutilia kwa mkono wangu huu, nikalijua hilo siku ya tisa baada ya upasuaji, na nimenyamaza mwaka mmoja na nusu.

Basi nimesema. Ukitaka kuiweka barua chini hapa una haki. Lakini ningependa ujue ilivyokuwa, maana daktari utakayemwona huko Eldoret atakuuliza maswali, na safari hii inafaa umjibu ukiwa na ukweli wote.

Unakijua kibanda chetu nyuma ya soko la Burma. Umeniletea chakula huko tangu darasa la tatu, unapita katikati ya moshi wa wachoma nyama ukiwa na ile miwani mizito, mafundi wenzangu wanakuita profesa. Kazi yetu ni milango, madirisha na yale majiko ya chuma wanayochomea nyama. Na ugonjwa wetu ni mmoja, mwanga wa kuchomelea. Kioo cha kujikinga kipo, lakini kimepasuka, au mtu anaona kinamchelewesha, basi anafumba jicho moja, anagusa chuma, anaendelea. Mchana husikii kitu. Usiku macho yanawaka, unaona afadhali mtu akuwekee mchanga.

Yule aliyenifundisha kazi, Mzee Odongo, alitutibu kwa viazi vibichi. Ulikata vipande viwili ukalala navyo juu ya macho. Wengine waliomba maziwa kwa mama anayenyonyesha, na kupata aibu ya bure. Halafu miaka ya baadaye ikaja ganzi. Haya ni matone ambayo madaktari wa macho hutumia kwao, tone moja, wakitaka kuligusa jicho bila mgonjwa kuruka. Hayauzwi hivi hivi, lakini kulikuwa na mtu wa duka la dawa aliyetutolea chupa kwa mlango wa nyuma. Ilikaa kwenye sanduku la vifaa, pamoja na patasi na brashi ya waya. Aliyepigwa na mwanga alijitilia, akaenda kwake akalala. Kwetu sisi maumivu yakiisha, ugonjwa umeisha. Mzee Odongo peke yake ndiye aliyenung'unika, akasema hiyo si dawa, huko ni kumziba mdomo jirani anayekupigia kelele kwamba nyumba yako inaungua. Tulimcheka, tukasema uzee umemwingia.

Sasa nije kwako. Mwaka ule wa kwanza ulipokwenda kuandikishwa polisi nilisimama nje ya uwanja, nikakuona ukiwaacha wasichana wote nyuma. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaniisha. Kisha ofisa akakusimamisha, akakwambia uvue miwani usome herufi za ukutani. Hukuona hata huo ukuta. Ulipotoka ulinipita hatua mbili bila kunitambua, kwa sababu miwani ulikuwa umeitia mfukoni na hukutaka kuivaa tena mbele za watu. Sijakwambia kamwe kwamba nilikuona unanipita.

Kwa hivyo nilipopata kazi ya vyuma vya madirisha na reli za ngazi katika ile kliniki ya macho, nilimwambia daktari mwenye kliniki, yule mama mpole, kwamba kazi ikiisha sitaki anilipe kilichobaki, nataka amtazame binti yangu. Akakupima. Akasema konea yako, kile kioo cha mbele cha jicho, ni nyembamba, kwa hiyo hawezi kuikata kifuniko anavyowafanyia wengine. Ataikwangua ngozi yake ya juu, apige leza, awekee lenzi laini ya kufunika kidonda, kisha ngozi iote yenyewe. Alisema itauma siku tatu au nne, na itauma kweli, lakini siku ya tano ngozi huwa imefunga. Akatupa chupa tatu za matone na vidonge. Halafu akanitazama mimi, si wewe, akasema, "Zaidi ya hizi usimtilie kitu."

Nilisikia. Sijawahi kujidanganya kwamba sikusikia.

Siku ya pili baada ya upasuaji mama yako alikuwa zamu ya kiwandani, tukabaki wawili. Unaijua nyumba yetu. Dirisha linatazama ukuta wa jengo la ploti ya pili, ukinyoosha mkono unaugusa, na mchana tunawasha taa. Miaka yote nimelalamikia giza hilo, lakini siku ile nilimshukuru mwenye ploti. Hata hivyo ule mwanga kidogo wa koridoni unaopenya chini ya mlango ulitosha kukutesa. Ulijifunika blanketi mbili. Hukulia, ulikuwa unavuta pumzi kwa meno. Nilikupa vidonge, nikakuwekea kitambaa cha maji baridi, nikaziba chini ya mlango kwa shuka. Ukaniambia afadhali ungetolewa macho yenyewe.

Mimi ni mtu wa Bungoma. Nilisimama mbele ya kisu cha tohara nikiwa na miaka kumi na mitano, nimepakwa matope mwili mzima, ukoo wote umenikodolea macho kuona kama nitatikisika, na sikutikisika. Baba yangu alitembea na sifa hiyo mpaka akafa. Kwa sababu hiyo nilidhani najua habari ya maumivu. Kumbe nilijua ya kwangu tu. Ya mtoto wangu sikuwahi kufundishwa niyasimamie vipi. Saa mbili hazikufika, nikakumbuka kwamba chupa ya kibandani ilikuwa mfukoni mwa koti langu la kazi, nyuma ya mlango.

Niliibandua karatasi yake kwa ukucha kwanza. Hapo, Nekesa, ndipo unaweza kunihukumu bila kukosea. Mtu asiyejua kwamba anakosea habandui karatasi. Nikaisimamisha mezani karibu na zile tatu, nikakwambia hii ni ya nne, daktari alisema tuitumie maumivu yakizidi. Nikakutilia tone moja kila jicho. Haikupita hata dakika. Ukashusha pumzi ukasema, "Imeisha, Baba. Imeisha kabisa."

Ukalala. Nami nikakaa ukingoni mwa kitanda nikijiona baba wa kweli. Sijui kama umewahi kumfanyia mtu jambo likamsaidia papo hapo mbele ya macho yako. Nilijawa na furaha hata nikatamani mama yako arudi anione. Hilo ndilo linalonichoma zaidi nikikumbuka, kwamba saa ile nilipokuwa nakuumiza ndiyo niliyojipenda kuliko saa zote.

Uliamka ukaomba tena. Jioni ukaomba mara nne. Kesho yake nilikuachia chupa ujitilie mwenyewe, na ulijitilia, kwa nini usijitilie? Ulikuwa umeambiwa na baba yako.

Siku ya tano tulikwenda kliniki. Nilikuwa nimevaa koti la kanisani. Daktari alinipokea kwa jina, akawaonyesha wauguzi zile reli, akawaambia huyu ndiye fundi. Kisha akakuinamia na taa yake. Ngozi ilikuwa haijafunga. Haikuwa hata imeanza vizuri. Akakuuliza kama kuna kitu kingine ulichotia. Ukasema hapana, zile tu tulizopewa. Ulisema kweli, kadiri ulivyojua. Akanigeukia mimi.

Nikasema, "Zile tu."

Maneno mawili. Nimeyatafuta maelezo yake mwaka mmoja na nusu, na kila nikichimba napata aibu tu. Nilikuwa nimesifiwa mbele ya watu waliosoma, na sikutaka kurudi kuwa fundi wa Burma asiyejua kitu. Ndiyo hayo tu. Laiti ningekuwa na sababu nyingine ya maana zaidi ningekupa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, Nekesa, na nimeitembea nikiwa nimekushika mkono.

Tuliporudi nyumbani maumivu yalizidi, nami nikaona maumivu ndiyo adui, nikaendelea kukupa. Siku ya tisa daktari alikutazama tena akamwambia muuguzi, mimi nikiwa nimesimama pale pale, kwamba kama si sisi kusema hatukutia kitu, angeapa kwamba hii ni ganzi. Muuguzi alikuwa mgeni kazini, kwa hiyo akamweleza. Ganzi hulilaza jicho, jicho likilala halijui kwamba lina kidonda, na ngozi haioti. Mtu akizidi kuitia, konea inaanza kuoza na kushika kovu. Alieleza polepole, mwalimu mzuri. Kila neno nililisikia. Mikono yangu ilikuwa mfukoni, na katika mfuko mmoja nilikuwa nimeishika chupa yenyewe, kwa sababu nilikuwa nimekutilia tukiwa njiani.

Nilifika nyumbani nikaimwaga chooni mwa koridoni, nikakwambia ya nne imekwisha na daktari amesema inatosha. Ukaanza kulia kwa sababu uliyajua maumivu yanayokuja. Nilikaa nawe siku zile tatu. Unakumbuka nilikushika kichwa. Ulidhani nakuhurumia tu.

Jicho la kulia likafunga wiki ya tatu. La kushoto likakataa. Hapo ndipo ulipoanza ule utumwa unaoujua. Lenzi ya kufunika inatolewa, inawekwa nyingine. Kikombe cha plastiki kinabandikwa juu ya jicho ukilala usije ukalisugua. Mikono inaoshwa kwa maji ya mtungi, na siku hizo maji ya ploti yalikuwa yanakuja mara moja kwa wiki. Kisha daktari akakutoa damu, akaizungusha mashineni, akachukua yale maji ya juu akayafanya matone, akasema yakae kwenye baridi. Sisi friji hatuna. Nikamwomba Mama Njeri wa duka la chini, akayaweka katika friji yake ya soda, nyuma ya pakiti za maziwa. Kila baada ya saa mbili nilishuka ghorofa sita nikapanda nayo, nikakutilia, nikayarudisha. Niliacha kazi wiki mbili. Watu wa ploti wakaanza kunisifu. Mama Njeri aliwaambia wateja wake kwamba wanaume wa namna hii wamebaki wachache. Nilikuwa napanda ngazi na sifa hizo zote mgongoni, na sikuwa na pa kuzishusha.

Ningefungua mdomo siku ya tisa, yote yaliyofuata usingeyapitia. Daktari kwa kukosa sababu akaanza kuitafuta mwilini mwako. Akakupima sukari. Akapima magonjwa ya viungo. Kisha nikaombwa nitoke nje, wakakuuliza maswali ya wavulana na wakakupima na ukimwi, wewe ambaye ulikuwa hujui hata njia ya kwenda kwa mvulana. Ulitoka umeinamisha uso, hukunitazama mpaka tukafika nyumbani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya mlango. Hatua nne kutoka hapo mpaka kwa daktari.

Mama yako, kwa uchungu wake, akailaumu simu yako. Akasema ulikuwa unaiangalia chini ya blanketi. Uliiangalia mara moja, siku ya sita, kusoma ujumbe wa rafiki yako. Akaifungia sandukuni. Na ile Jumapili ulimpigia magoti ukamwomba msamaha kwa kuliharibu jicho lako mwenyewe. Nilikuwa ninakula. Niliendelea kula.

Kisha wakaja mchungaji na akina mama wa kanisa, wakajaa chumbani mpaka wengine wakasimama koridoni. Mchungaji akaomba kwamba kama kuna kilichofichwa ndani ya nyumba hii kinachozuia uponyaji, Bwana akitoe nje. Kilichofichwa kilikuwa kimekaa kwenye stuli karibu na jiko, kimeshika Biblia. Nikasema amina kwa sauti kuliko wote.

Jioni ya siku hiyo uliniuliza, "Baba, kwani mimi niliumbwaje, hata kidonda cha jicho hakifungi?"

Nikakujibu kwamba Mungu anajua. Na kweli alijua.

Jicho lilipofunga ilikuwa mwezi wa nne baada ya upasuaji, na lilifunga vibaya. Ukungu ule mweupe unaouona katikati ni kovu. Uandikishaji wa polisi ulikuwa umekuja ukapita ukiwa bado na kikombe usoni, na ulipokuja tena, jicho la kushoto halikuona herufi hata ile ya juu kabisa. Hukulia. Uliniambia tu kwamba basi, ualimu nao ni kazi. Ulinifariji, Nekesa. Wewe ulinifariji mimi.

Usidhani sikujaribu kusema. Mara moja tulipokuwa tunapanda ngazi gizani, stima zimepotea, umenishika bega, nilianza. Nikasema, "Unajua ile dawa..." Ukaniuliza ipi. Nikasema ile iliyo kwa Mama Njeri, tusisahau kesho. Kibandani niliwakataza mafundi ganzi, nikavunja chupa mbili kwa nyundo, wakanishangaa. Wakauliza nimejua wapi kwamba ni mbaya. Nikasema nimesikia redioni. Hata ukweli niliusema kwa uongo.

Mzee Odongo siku hizi yuko kwao, anaona kivuli tu. Viazi vyake havikumwokoa yeye, miaka arobaini ya mwanga si mchezo. Lakini nimemkumbuka sana mwaka huu, na nimeona aibu kwa kicheko kile.

Kilichonivunja ni barua ya wiki jana. Daktari aliandika ya kumkabidhi mwenzake wa Eldoret, akaniachia bahasha wazi. Nikasoma. Kiingereza changu ni cha darasa la nane lakini hiyo niliielewa. Iliandikwa kwamba sababu ya kidonda kuchelewa haijulikani, kwamba huenda mwili wa mgonjwa hauponi inavyotakiwa, na kwamba ni hatari kulifanyia jicho hilo kitu kingine. Nikaisoma mara tatu. Uongo wangu ulikuwa umepigwa muhuri, umepewa safari, uende nawe ukakufungie mlango kwa kila daktari utakayemwona mpaka uzeeke.

Jumatano nikarudi kliniki peke yangu. Sikuvaa koti la kanisani. Nilikaa mwisho wa foleni mpaka wagonjwa wote wakaisha, nikaingia nikamwambia kila kitu, na karatasi niliyoibandua, na chupa mfukoni siku ya tisa. Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia. Alivua miwani, akajishika paji la uso. Kisha akasema, "Fundi, ungeniambia siku ile ya tano, lile jicho lingepona."

Nilimwomba aandike barua nyingine. Akaiandika palepale, na imo ndani ya daftari hili, ukurasa wa mwisho. Inasema sababu inajulikana, na ni nini. Alinieleza kwamba sasa wanaweza kufikiria lenzi ngumu, au siku moja konea ya mtu mwingine, mambo ambayo hawangethubutu wakidhani mwili wako ndio mbovu. Hakuahidi. Nilitaka aahidi, akakataa, akasema kovu ni kovu na huenda jicho likabaki lilivyo. Nakwambia alivyoniambia, bila kupunguza wala kuongeza. Nilipoinuka akaniambia kwamba hataipeleka barua hiyo kwa siri, mwenye jicho lazima ajue.

Sina wosia wa kukupa. Baba aliyefanya hivi hatoi wosia. Ninachojua ni kidogo na nimekijua kwa kuchelewa. Utakuwa mwalimu. Atakujia mtoto analia, nawe utataka anyamaze, kwa sababu kilio cha mtoto kinamkata mtu maini. Muulize kwanza panamuuma wapi. Na mtu anayekupenda akikuwekea kitu mkononi, kiwe dawa au karatasi ya kutia sahihi, akakwambia wewe pokea tu, muulize ni nini. Muulize hata ukiona atakasirika. Uliniamini mimi bila kuuliza, na hilo si kosa lako, lakini mimi sikustahili.

Na jambo la tatu, ambalo ni lako wewe tu. Mwili wako ni mzima. Jicho la kulia lilifunga nilipoacha kulizuia. La kushoto lilipigana na mimi miezi mitatu likafunga hata hivyo. Usiende Eldoret ukijiona umeumbwa vibaya. Nimekuona usiku ukikaa mbele ya kioo kidogo cha mama yako, umefunika jicho zima kwa kiganja, unalitazama lile jingine. Sijui unatafuta nini. Kama ni kosa lako unalolitafuta, halimo humo.

Ulirithi jina la mama yangu, ndiyo maana tangu uko mchanga nimekuita mama. Yeye aliwahi kuniadhibu siku moja kwa kuvunja chungu, na kesho yake akagundua ni mbuzi aliyekivunja. Alinitafuta malishoni, jua kali, mwanamke mzima na heshima zake, akaniambia mbele ya wenzangu kwamba alikosa. Nilikuwa na miaka saba. Nilidhani watu wazima wote hufanya hivyo, na mimi nikikua nitafanya hivyo bila taabu.

Nilikuwa nimepanga kuliweka daftari hili chini ya sanduku lako, kati ya mashuka, ulikute ukiwa bwenini na mimi niko mbali huku Pipeline. Nilishalifunga na mfuko wa plastiki kabisa. Kisha nikajiona nilivyoinama juu ya sanduku hilo, naficha tena kitu katika vitu vyako, nikalitoa.

Nitakupa mkononi mkirudi. Nitakaa hapa hapa kwenye kiti mpaka umalize, hata ukisoma polepole. Ukitaka kunitukana, nitukane, sitakukemea. Ukitaka kesho usisindikizwe na mimi, mama yako atatosha, nami nitakubeba moyoni hivyo hivyo. Ukitaka usinipigie simu mwaka mzima, nitauhesabu mwaka wote bila kukulaumu.

Mama yako bado hajui. Nimeona wewe utangulie, kwa sababu jicho ni lako. Akikuona unalia akauliza kuna nini, usinifunikie, mama. Mwambie aniulize mimi.

Baba yako,
Wafula